Bomba la kushikia la mita 14 na kiti cha choo: kazi ya fundi iliyombakiza mama kwake Bugarika

Nimekaa na vitu hivi miezi 8 kabla ya kuandika. Kifaa cha mzee hakisifiwi siku kinapofungwa, rangi ikiwa bado inanukia. Kipitie mvua kwanza, kipitie jua, kipitie usiku ambao umeme umekatika na mzee kashikwa na tumbo. Vyote vimepita, kwa hiyo sasa naweza kusema bila kumdanganya mtu.

Mimi nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mama yangu ana miaka 79 na anakaa Bugarika, juu kwenye mawe, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa reli. Anayeijua Mwanza akisikia "kwenye mawe" ameshaelewa. Nyumba imeegemea jabali, njia ni ngazi, nyingine zimechongwa, nyingine zege limebandikwa tu, na hakuna mbili zenye kimo sawa. Bodaboda inakushusha chini kwenye banda la mkaa, kuanzia hapo ni miguu yako. Choo kipo nje, upande wa chini, ngazi 19 kutoka mlango wa jikoni. Najua ni 19 kwa sababu mama alikuwa akizihesabu kwa sauti usiku anaposhuka, tochi ameibana kwapani, mkono mmoja ukutani kwa jirani.

Novemba mwaka jana aliteleza kwenye ngazi ya 12. Mungu alisaidia, mfupa haukuvunjika, lakini nyonga ilivimba na wiki tatu hakutoka nje. Shirika la Afya Duniani linaweka kuanguka nafasi ya pili duniani kati ya ajali zinazoua watu bila kukusudiwa, na wanaokufa zaidi ni hao wa miaka 60 na kuendelea. Hilo nilikuwa nimeshawahi kulisikia. Nisichokijua ni kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwa mama mwenyewe, na nilikigundua kwa sababu ya jagi.

Kila nikija jioni nilikuwa namwekea maji ya kunywa kwenye jagi la plastiki karibu na kitanda. Nikirudi kesho yake jagi limejaa vilevile. Nikadhani hapendi yale maji, nikabadilisha, nikachemsha mengine. Siku ya nne nikamuuliza. Akaniambia kwa utulivu kabisa, "Nikinywa alasiri, usiku nitashuka. Sasa nishuke vipi?" Mama alikuwa ameacha kunywa maji kuanzia saa 9 alasiri ili asiende chooni usiku. Anatumia dawa za presha. Mtu wa dawa za presha asipokunywa maji, akisimama ghafla asubuhi dunia inazunguka, na hapo ndipo anaanguka. Yaani ile njia ya kukwepa kuanguka ndiyo iliyokuwa inamsukuma aanguke.

Serikali inamtambua mama kuwa mzee tangu alipotimiza miaka 60, ndivyo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyosema, na kwenye matibabu faida yake tunaiona: kitambulisho anacho, dawa anapata, foleni anapishwa. Lakini yote hayo yanaanzia mlango wa hospitali. Kutoka kitandani kwake mpaka chooni ni juu yetu sisi watoto.

Kaka yangu aliyeko Dar alisema nimhamishie kwangu Buhongwa. Nikamhamisha. Kwangu choo kiko ndani, sakafu ni tambarare, ana chumba chake na dirisha la kutazama barabara. Alikaa siku 20. Alikula vizuri, alilala vizuri, na kila siku aliniuliza nani kafiwa Bugarika na jumuiya wiki hii inasali kwa nani. Mimi natoka saa 9 usiku kuwahi mitumbwi, watoto wanatoka saa 12 kwenda shule, anabaki na redio. Siku ya 21 nikamkuta kakunja khanga zake zote na kuzifunga. Akasema, "Mwanangu, hapa sina ninachokosa. Ila hapa nikiamka hakuna anayejua kama nimeamka." Sikuwa na jibu. Nikamrudisha kesho yake, mimi na kijana wa kumsaidia kupanda, na majirani wakamshangilia kama bibi harusi.

Kwa hiyo mama anabaki Bugarika. Lililobaki ni ngazi 19 na shimo la kuchuchumaa.

Kwanza nilinunua kiti cha choo cha dukani, mjini, shilingi 165,000. Ni cha alumini, kinakunjwa, kina ndoo ya plastiki chini yake. Duka silitaji. Kwa hospitali au chumba chenye vigae huenda kinafaa. Kwetu hakikufaa. Sakafu ya choo chetu ni saruji yenye mteremko ili maji yaende, na kiti kile ni chepesi: ukikalia upande mmoja, miguu miwili inateleza. Mipira ya miguuni ilikwisha ndani ya mwezi kwa sababu saruji yetu inakwaruza kama msasa. Na ile ndoo ya kuwekwa chumbani mama aliikataa kabisa. Alisema hajafika huko, na mimi namheshimu kwa hilo. Nilijaribu kukirudisha, hawakukubali.

Ndipo mwenzangu wa Mwaloni akanielekeza kwa fundi wa kuchomelea kule upande wa Igoma, aliyemtengenezea baba mkwe wake. Ni fundi wa mageti na madirisha, karakana ya kando ya barabara, bati juu, chini makapi ya chuma. Nilimwambia nataka kiti cha choo na bomba la kushikia kwenye ngazi. Nikadhani atanitajia bei. Badala yake akauliza, "Mama mwenyewe yupo? Nimwone kwanza."

Tukapanga siku za mbalamwezi. Kwa wasiojua kazi yetu: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukishapevuka taa haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na sisi wa Mwaloni tunapata nafasi ya kufanya shughuli za nyumbani. Fundi alikuja asubuhi, akaamkia, "Shikamoo mama, mwangaluka mayu." Mama alifurahi kusikia Kisukuma. Kisha fundi akakaa juu ya jiwe, hajatoa hata futi mfukoni, akamwambia, "Mama, naomba uende chooni kama unavyoendaga siku zote. Usinijali mimi. Nataka nione unavyoshuka."

Mama akashuka, akapanda. Fundi akamwomba arudie. Mara ya pili ndipo na mimi nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona: mama anaposhuka anageuka ubavu, mguu wa kulia unatangulia na wa kushoto unaufuata, na mkono anaoutafutia mahali pa kushika ni wa kushoto. Ukuta wa jirani uko kulia. Yaani muda wote alikuwa anashikilia upande usio na nguvu kwa sababu ndio uliokuwa na ukuta. Mimi nilikuwa nimekusudia kumwambia fundi afunge bomba ukutani, maana ni rahisi na linatumia nguzo chache. Lingekuwa bomba la upande usiofaa.

Kisha akamsimamisha mama wima, mikono imeanguka, akapima kutoka chini hadi kifundo cha mkono. Hapo ndipo bomba litapita. Akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, akapima kutoka nyuma ya goti hadi unyayo: sentimita 40. Hicho ndicho kimo cha kiti cha choo. Nilimuuliza kajifunzia wapi. Akasema alimuuguza baba yake miaka mitatu. Hakuongeza neno, na mimi sikumdadisi.

Bei: kiti 90,000. Bomba la mita 14 lenye nguzo 7, pamoja na saruji, rangi na ufundi, 340,000. Nusu kabla, nusu baada. Jumla 430,000, kaka alichangia 200,000. Kwangu ni hela nzito na sisemi ni rahisi.

Fundi alichelewa siku 11. Alisema umeme, kisha alisema amepata msiba. Huo ni upungufu na nautaja: mzee anayesubiri kifaa bado anashuka ngazi zilezile kila usiku. Ukimpa kazi, panga tarehe na umpigie kila baada ya siku mbili. Hakasiriki.

Kufunga kulichukua siku mbili. Jabali la Mwanza si jiwe la kuchezea. Walivuta umeme kwa jirani kwa waya mrefu, drili ikatoboa mashimo matano kwenye jiwe lenyewe, na kekee mbili zikafia humo. Nguzo mbili zilizobaki zilikaa kwenye udongo, zikachimbiwa sentimita 50 na kumwagiwa zege. Halafu akafanya jambo ambalo kwa mtaa wetu ni la akili sana: akajaza zege ndani ya nguzo zote, mpaka juu. Kwetu bomba lililo nje halikai, watu wa chuma chakavu wanalichukua usiku. Bomba lenye zege ndani ni zito, kulikata ni kelele, na mnunuzi wa chakavu halitaki. Miezi 8, halijaguswa.

Nguzo ya tano imesimama karibu kabisa na dirisha la bibi jirani, mwenye miaka 74, anayekaa peke yake na mjukuu mmoja. Tulimwomba ridhaa, akasema kama litapita kwake basi na yeye atalishika, na ndivyo ilivyo.

Sasa kiti. Ni cha skwea paipu, miguu minne iliyopanuka chini kama ya kigoda, na chini ya kila mguu kipande cha tairi la gari kilichofungwa kwa bolti. Kinasimama juu ya tundu la choo bila kuteleza hata sakafu ikiwa na sabuni. Juu kuna ubao wenye uwazi, umepakwa rangi ya mafuta mara tatu, na pembeni mikono miwili ya kujinyanyulia. Mtu asiyewahi kuumwa magoti hawezi kuelewa ile mikono. Kuchuchumaa mama alikuwa anaweza. Kunyanyuka ndiko kulikomshinda, alikuwa anavuta mlango wa bati ambao bawaba moja ilishang'oka. Siku ya kwanza alikaa, akashika ile mikono, akasimama, akakaa tena, akasimama tena. Alirudia mara nne mlango ukiwa wazi na sisi tukimtazama, bila aibu yoyote. Kisha akasema tu, "Haya, funga mlango."

Kasoro ya kiti: mara ya kwanza kililetwa kikiwa na ncha kali chini ya mikono, pale grenda ilipopita vibaya, ikamchania khanga. Fundi alikuja kusugua siku ileile nilipompigia. Ubao nao ulianza kupasuka rangi Aprili kwa sababu ya unyevu, nimeupaka mwenyewe upya. Ningekuwa naagiza leo ningeomba ubao unaofunguliwa kwa urahisi ili uanikwe juani. Wengine wa nyumbani wasiopenda kukikalia wanakisogeza pembeni, halafu wanasahau kukirudisha. Hilo liseme mapema na watoto, kwa ukali. Usiku mzee anafika anakuta kiti hakipo.

Na maji? Jagi sasa linaisha. Nalijaza jioni, asubuhi lina kidogo chini. Kizunguzungu cha asubuhi kimepungua sana, presha yenyewe bado tunaifuatilia kliniki kama kawaida. Sisemi bomba ni dawa. Nasema mama anakunywa maji.

Kuna jambo ambalo fundi hakuliuza na mimi sikulinunua. Kama wiki tatu baada ya bomba kufungwa nililala kwa mama, mitumbwi ikiwa imepumzika. Alfajiri nikasikia kitu kinagonga nje: ti, ti, ti. Nikatoka. Mama amesimama mlango wa jikoni, ameshika kijiko kwa upande wa ncha, anagonga bomba kwa mpini wake. Mara tatu. Akasubiri. Kutoka chini, kwa bibi jirani, ikaja sauti mara mbili. Mama akarudi ndani kuwasha jiko. Nikamuuliza ni nini kile. Akasema, "Namwambia nimeamka. Naye ameniambia."

Chuma kinapeleka sauti. Nguzo ya tano iko chini ya dirisha analolala bibi jirani, kwa hiyo hata mlango akiwa amefunga anasikia. Hakuna aliyewafundisha. Zamani walikuwa wanaitana kwa sauti, lakini sauti ya bibi jirani imefifia na sikio la mama la kulia halisikii vizuri.

Juni iliyopita mama aligonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Hakusubiri mtu, alishuka mwenyewe akiwa ameshika bomba, ngazi 9 mpaka pale dirishani, akamkuta mwenzake anatetemeka kwa homa, mjukuu yuko kwao Magu kwa likizo. Mama akaita vijana, wakambeba hadi barabarani. Ilikuwa malaria, alitibiwa, yuko hapo. Mwaka mmoja kabla mama yangu asingeshuka zile ngazi asubuhi ile peke yake. Namwambia kila mtu habari hii Mwaloni, na nitaendelea kuisema, kwa sababu tukizungumzia kuwatunza wazee tunawaona wao ni wa kuhudumiwa tu. Mama yangu siku ile ndiye aliyehudumia.

Nani nampendekezea kazi hii? Mtu ambaye mzee wake bado anatembea, hata kwa shida, na anakaa mahali pa mteremko au choo cha nje. Kirumba, Igogo, Mabatini, Isamilo, milima yote ile. Kama mzee ameshalala kitandani, hela yako ipeleke kwenye godoro zuri na mtu wa kumgeuza. Na kama mnapanga, mwenye nyumba aridhie kwanza kwa maandishi, maana nguzo za zege huwezi kuhama nazo.

Mambo madogo. Watoto wa mtaa wanatelezea kwenye bomba, halijapinda. Majirani walianza kuanika nguo, mama akawaambia upande wa chini waanike, wa juu waache wazi, wanatii. Maungio mawili yalianza kutu mwishoni mwa masika, fundi alikuja akasugua na kupaka rangi nyekundu ya msingi kisha ya kijani, hakudai hela.

Kasoro kubwa ni joto. Kuanzia Julai, saa 8 mchana jua likiwa limelipiga tangu asubuhi, bomba linaunguza kiganja. Mama alikuwa anashuka na kitambaa mkononi, na kitambaa kinateleza, hatari ileile imerudi kwa mlango mwingine. Nilimpigia fundi. Akaja na tyubu za baiskeli alizozikata utepe mrefu, akazizungusha kwenye bomba zima kwa kuzibana, kuanzia chini. Nililipa 12,000. Mpira haupati moto kama chuma na hautelezi hata ukilowa. Kama unaagiza, iweke kwenye mkataba tangu mwanzo, usisubiri kiangazi.

Siku hiyo fundi alipofika na utepe karibu na mlango wa jikoni mama akamshika mkono. "Hapa acha." Fundi hakuelewa, akadhani utepe hautoshi, akasema anao mwingine. Mama akamwonyesha kwa kijiko. Fundi akashuka hadi nguzo ya tano, akafungua mpira aliokwisha kuzungusha pale chini ya dirisha, akaukata shubiri moja, akafunga ncha zake vizuri kwa waya. Kwa hiyo bomba sasa ni jeusi lote isipokuwa hapo mahali pawili. Rangi ya kijani imeshatoka mlangoni kwa mama, chuma kimekuwa cheupe kwa kugongwa. Fundi alitaka kupapaka, mama kamkataza.